Tundu la Kifua cha Kushoto

...kwa sababu msumari hauli nguo hivyo, msumari hurarua, huacha pembe, kama mlango mdogo uliosukumwa nusu, na moto huacha ukingo mgumu unaokwaruza kidole, na nondo hula ovyo, huku kidogo, kule kidogo, kama mgeni asiye na njaa, lakini tundu lile lilikuwa duara, safi, upana wa ncha ya kidole gumba, kifuani upande wa kushoto, pale mtu anapoweka mkono akiapa, na nyuzi zake zote zilikuwa zimekatika kwa urefu mmoja, na kitu kinachokata nyuzi zote kwa urefu mmoja ni mkasi tu, mkasi mdogo, wa kucha labda, kwa hiyo kuna mtu aliketi mahali, akalishika koti la sufu la mtu mwingine, akauzungusha mkasi polepole mpaka kipande kikatoka, na ni nani, na kwa nini, na kile kipande kilikwenda wapi, sijui, mwezi wa pili huu nayageuza kichwani na sijui... nyuzi mbili juu, mbili chini, mbili juu... Mama, anasema binti yangu pale kwenye meza ya wateja, unanisikia? Nimeshaandika. Nitume?

Subiri nimalize mstari, nasema, au nadhani nimesema, kwa sababu nina uzi mwingine umebanwa midomoni, na katika kazi ya kufumia nguo mtu hainui kichwa katikati ya mstari, ukiinua umepotea, ukipotea unafumua, na nikifumua sasa sitamaliza kabla ya saa sita, na saa sita dereva wa hoteli atasimama pale mlangoni kulichukua koti hili jeupe la mhudumu, lililoungua mkononi kwa sinia la moto, koti moja tu la majaribio, lakini nyuma yake yapo mengine arobaini, na mapazia, na kazi ya mwaka mzima, ikiwa watapenda, na meneja alipiga simu jana jioni, sauti ya upole, Mama, akasema, mimi kazi yako naiamini, lakini bosi wangu husoma mtandaoni kabla hajasaini kitu, na ameyaona yale maneno, basi yajibuni, yajibuni yaeleweke, kabla dereva wangu hajaja... na sasa ni saa tano na robo kwa saa yetu ya ukutani, na nyuma ya ubao unaotutenganisha na jirani yetu fundi saa zipo nyingine sitini, na hakuna hata moja inayokubaliana na mwenzake, nazisikia zote, zinanitafuna... mbili juu, mbili chini... Soma tena, nasema. Mama, umeshayasikia mara kumi. Soma, mwanangu, soma yake kwanza, halafu yako.

Anasoma kwa ile sauti yake ya kusomea barua za ofisini, bila kupumua, Nyota moja, nimekuta risiti yao katika mfuko wa ndani wa koti langu, imeandikwa koti la sufu la kiume, kijivu, tundu moja, kifua kushoto, limefumiwa, imelipwa, koti langu halijawahi kuwa na tundu, nimelikagua kwa taa, ndani na nje, hakuna tundu, hakuna kiraka, hakuna hata mshono, na hiyo risiti yenyewe imezungushiwa nyuzi kama hirizi, mke wangu anasema hajui lolote, sasa nani alilipa, na alilipia nini, wezi hawa, wanawatoza watu kwa hewa... hewa, ndiyo, na chini yake wameshajipanga wengine, mmoja mwenye picha ya paka ameandika Hata mimi nilihisi tu, amehisi nini, hajawahi kukanyaga hapa, mwingine ameuliza Wako mtaa gani hawa? na kabla hajajibiwa akatupa nyota moja naye, wa tatu ameandika kwamba mafundi wote ndivyo walivyo, na sisi tulikuwa na maoni kumi na moja tu kwa miaka miwili, kumi na moja, tena moja liliandikwa na dada yangu, Huyu ni mdogo wangu, tangu utotoni ana mikono safi, binti yangu alitaka kulifuta kwa haya, na sasa nyota nne na nusu zimeshuka mpaka tatu na kipande, ndani ya siku tatu, na siku hizi tatu mlango umefunguliwa na wateja wawili, na mmoja wao alikuwa anaulizia duka la vioo.

Hakuna tundu, hakuna kiraka, hakuna hata mshono... Mungu anisamehe, siku ya kwanza aliponisomea maneno hayo nilicheka kwa furaha kabla hajafika kwenye wezi, maana ni nani amewahi kunisifu hivyo, miaka thelathini na moja nimekaa chini ya taa hii na lenzi hii, watu hunishukuru, hunipa mkono, mmoja aliwahi kuniletea kuku, lakini hakuna aliyelikagua koti kwa taa ndani na nje halafu akaapa mbele ya ulimwengu kwamba halikuwahi kutoboka, mjomba wangu aliyenifundisha kazi angeyanakili maneno hayo karatasini na kuyabandika ukutani, mjomba ambaye hakunisifu hata siku moja, alichukua nguo, akaipitisha kwenye mdomo wake wa chini, taratibu, kwa sababu mdomo unajua kuliko kidole, na mdomo ukikwama alinirudishia bila neno, na usipokwama alinirudishia bila neno vilevile, nikawa nasoma kwenye kope zake, na koti lile la kijivu nililipitisha mdomoni mara nne na sikulipata tundu langu mwenyewe, ilibidi nipime kutoka kwenye kifungo, sentimita tisa kwenda kushoto, ndipo nikajua lilipokuwa, siku mbili nzima nilizimalizia pale, nikichomoa nyuzi katika pindo la ndani la koti lenyewe, uzi mmoja mmoja, na kuzirudisha kifuani kwa mpangilio wake uleule, koti limejiponya kwa nyama yake, na sasa kwa ajili hiyo naitwa mwizi... mbili juu... ningekuwa nimeifanya vibaya, kukaonekana kovu dogo tu, asingekuwa na la kusema.

Basi sikiliza yangu, anasema binti yangu, na sauti inapanda, Ndugu mteja, tunasikitika kwamba umetuchafua bila kuuliza, risiti unayoisema ni halali, koti lako lililetwa hapa likiwa na tundu, na ushahidi tunao, tazama picha ya kwanza, kabla, na picha ya pili, baada, namba ya risiti inaonekana katika zote mbili, muulize aliyelileta... na hapo naweka picha, Mama, tundu lenyewe, karibu kabisa, na rula pembeni. Nikibonyeza tu, kabla ya saa sita atakuwa ameyafuta mwenyewe kwa aibu. Na yule wa paka naye.

Mjibuni! anapaza sauti fundi saa nyuma ya ubao, maana ubao ule hauzuii kitu, Mama Uzi, mjibuni huyo, msimwonee haya! Mimi mwaka juzi mtu aliniandika eti saa niliyomtengenezea inakwenda sawasawa mno, mke wake sasa anajua anachelewa kwa dakika ngapi! Binti yangu anacheka, mimi najaribu, uzi unanitoka mdomoni. Na ulimjibu nini, mjomba? anamuuliza. Nilimwambia arudi, niiharibu bure!... wanacheka wote wawili, na mimi nimebaki kwenye muulize aliyelileta, muulize aliyelileta, sindano imesimama, mbili juu, imesimama.

Kwa sababu aliyelileta ninamwona, alikuja mchana wa jua kali amelibeba ndani ya mfuko wa plastiki, mikono yote miwili chini yake, kama anayebeba mtoto aliyelala, akasubiri mpaka mteja wa mbele yake akatoka kabisa, akageuka akahakikisha, ndipo akalitandaza hapa, Mama, akasema, hili lilikuwa la baba mkwe wangu, mume wangu hulivaa akiwa na jambo zito tu, kazini au msibani, yuko safarini, anarudi Ijumaa. Nikasema, limefanya nini? Msumari, akasema, msumari wa mlangoni, nami nikainama na lenzi, na kabla sijaiinua nilikuwa nimeshajua, na nilipoinua nikaona kwamba amenitazama nikijua, alikuwa ameshikilia ukingo wa meza, kucha zake fupi, nadhifu, na nilikuwa na njia nyingi za kusema pale, nikasema, Misumari ya siku hizi mibaya sana. Akacheka, kicheko kidogo, cha mtu aliyesimama muda mrefu halafu akapewa kiti, kisha macho yakamjaa, akasema, Asijue, Mama. Hatajua. Hata likitoka zuri, asijue. Hatajua, mwanangu. Na jina usiandike. Siandiki. Na karatasi, akasema, mume wangu hupekua mifuko kabla ya kuvaa, ni tabia yake tu, si mtu mbaya, usiweke karatasi. Siweki... alirudia, si mtu mbaya, na mimi sikuwa nimesema kwamba ni mbaya, wala sasa sisemi, simjui, sijui kama ni mtu wa kupiga au mtu wa kulia, na hao wa kulia nao huogopwa majumbani, tena labda hakulikata yeye, labda ni mtoto, labda ni mkwe, labda ni mume mwenyewe usiku mmoja kabla ya safari na mke ndiye aliyemfichia hata yeye mwenyewe aibu yake, nimeshalikata koti lile kwa mikono ya watu wote wa nyumba ile ambao sijawahi kuwaona, na kila mara mkasi unazunguka vizuri, duara, taratibu, na kila mara sijui.

Mama, muda, anasema binti yangu, saa tano na dakika ishirini na tano. Si yeye mwenyewe aliyeiacha hiyo risiti humo? Wewe ulisema. Nilisema, ndiyo, siku tatu nimekuwa nikisema, labda mwenyewe aliipokea mkononi akaitia mfukoni akasahau, watu husahau, na nikisema hivyo kifua changu kinatulia, kwa sababu kama ni yeye aliyesahau basi siri imevuja kwa mkono wake, na mimi ninabaki fundi aliyeonewa, na fundi aliyeonewa ana haki ya kuonyesha picha... Ingekuwa jambo dogo asingekana, mwanangu, angemwambia mumewe tu, nasema. Lakini amekana, anasema, amekana, na sisi ndio tunaoitwa wezi kwa ajili ya kukana kwake. Mimi siwezi, Mama. Ukurasa ule niliujenga mimi, usiku na mchana, kila nguo nimeipiga picha, nilipofukuzwa kule ofisini hiki ndicho kitu pekee nilichokifanya kikasimama. Sikubali mtu asiye na jina akibomoe kwa kidole... na ana haki, aliporudi nyumbani na masanduku mawili alikaa wiki tatu bila kuyafungua, halafu asubuhi moja akachukua simu akaanza kuyapiga picha matundu ya watu, akaniambia, Mama, unajua kwamba hayafanani hata mawili?... mbili chini, mbili juu, mstari huu hauishi.

Halafu tazama, anasema, sihitaji hata kubishana, hii picha ya pili peke yake inatosha, koti limekunjwa tayari kwa kupelekwa, limetulia, zuri, na risiti hii hapa imechungulia kwenye mfuko wa ndani, na nyuzi zake, namba ileile, yaani alitaka ushahidi gani zaidi?

Risiti imechungulia kwenye mfuko wa ndani.

Siinui kichwa, sihitaji kuiona hiyo picha, mkono wangu wa kushoto umeshaiona, umeikumbuka kabla yangu, ule ukingo mkali wa karatasi na ulaini wa bitana, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyofanya, ndivyo mjomba alivyonifundisha kabla hata hajaniruhusu kushika sindano, nyuzi zilizobaki ni za mwenye nguo, usizitupe, usizitie kwenye kopo lako, zungusha kwenye risiti yake, weka katika mfuko wa ndani, siku nyingine nguo ikitoboka atakuja nazo, na miaka thelathini na moja mkono huu umefanya hivyo bila kuniuliza, na siku ile nilikuwa na furaha, nimelipitisha koti mdomoni mara nne na halikukwama, nilikuwa naimba, nakumbuka sasa kwamba nilikuwa naimba, nikazungusha, nikaweka, nikakunja, nikamwita binti yangu apige picha, na yule mwanamke akalipokea akalikumbatia, akasema, Mama, Mungu akulinde, akaondoka nalo kifuani mpaka nyumbani kwake, na mimi nilikuwa nimemtilia humo kitu pekee alichoniomba nisimtilie... na mume akarudi Ijumaa, au Ijumaa nyingine, akapata jambo zito, akapekua mifuko kama kawaida yake, akasoma kifua kushoto, akawasha taa, akatafuta, na jikoni au popote alipokuwa mkewe akamuuliza, na mkewe akasema sijui, na mume hakulala, nani alilipa, na alilipia nini, hilo si swali la mtu aliyetozwa, yeye hajatozwa hata senti, hilo ni swali alilolianza nyumbani na halikujibiwa, akalileta kwetu kwa sababu sisi tuna mahali pa kuandikia, na ana nyuzi mkononi, mtu anayelikagua koti kwa taa ndani na nje hatashindwa kuziweka nyuzi zile juu ya koti na kuona ni rangi moja, ameshaziweka, ameshaona, labda hataki tumthibitishie, labda ametuita wezi ili tuwe wezi, ili mtu yeyote amwambie kwamba hapana, halikutoboka... au labda anangojea ithibati tu, na picha yenye rula pembeni, na kesho mke ataonyeshwa kioo cha simu mbele ya chai, ulisema hujui, haya, hili ni nini.

Na mimi ni nani nimwambie, na mimi ni nani nimdanganye.

Mama? Nitume? Usitume hiyo, nasema, na uzi umenianguka mapajani, uache, andika nyingine. Niandike nini? Andika... ngoja... kumi na nane, mbili juu, ishirini... andika hivi, Risiti ile haikupaswa kuwa katika mfuko wa koti lako. Imo humo kwa kosa langu mimi fundi, si la mtu mwingine yeyote. Nakuomba radhi, wewe na nyumba yako. Basi? Basi. Saa sitini zinatembea, fundi saa ameacha kugongagonga. Mama, hiyo si kujitetea, anasema binti yangu polepole, hiyo ni kukubali. Uongo uko wapi hapo? Haupo, lakini... Meneja atasema hawa wanachanganya karatasi za watu. Atasema, na itakuwa kweli, niliiweka pasipostahili, na bosi wake akiona ni sababu ya kutunyima makoti arobaini atunyime, ila neno mwizi hatalisema, na dereva atapewa koti lake saa sita kama tulivyoahidi, wapatafute lilipoungua... Kosa lako wewe? ananiuliza, na najua amerudi kwenye ile picha, anaikuza kwa vidole viwili, ameiona karatasi kwa jicho lingine, na yeye alikuwepo siku ile ya mfuko wa plastiki, alikuwa pale pembeni anapiga pasi, alisikia. Oh, Mama, anasema. Ndiyo, nasema. Oh, Mama.

Na lile tundu? anauliza, sauti imeshuka, imekuwa ya mtoto aliyekuwa akiniuliza mambo akiwa chini ya meza hii, watu wataamini kwamba halikuwahi kuwepo, kazi yote ile, siku mbili, hakuna hata mtu mmoja atakayejua. Tundu gani? nasema.

Hacheki, anavuta pumzi, ndefu, ya mtu anayebeba ndoo, halafu kidole gumba chake kinagonga kioo cha simu, maneno yangu, mafupi, hayachukui muda, anaongeza nukta, ananisomea, natikisa kichwa kwamba ndiyo bila kukiinua, kisha anasema, nafuta na picha, zote mbili? zote mbili, kwanza ile ya rula, kisha ile ya koti lililokunjwa, zuri kabisa katika zote alizowahi kupiga, na mlio mdogo unatoka, mmoja, mwingine, na wa tatu ni wa jibu kwenda, aliyebonyeza ni yeye, mimi mikono yangu haikuwa huru, nilikuwa na uzi wa kutafuta mapajani, na saa tano na nusu, na nyuma ya ubao mtu anasema kama kwa saa zake, Haya, na mahali fulani, ndani ya sanduku la nyuzi au mfukoni mwa gauni au chini ya kitanda, kuna kipande cha sufu ya kijivu, duara, upana wa ncha ya kidole gumba... ishirini na mbili, mbili juu, mbili chini.